Chama cha Tatu na Karatasi ya Siri

Hoteli ya Nyati Wekundu,
Mikumi.
6 Agosti 1995

Mpendwa Baba Mdogo Budeba,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa mzima wa kula na kulala, na ninaamini barua hii itawakuta nanyi hapo Kilosa mkivuta pumzi bila taabu, wewe, Mama Mdogo Agness na wadogo zangu wote. Baba alikuja kunitembelea mwezi wa sita, meneja wetu akamzuia getini eti hana kibali. Alirudi Magole kimya kimya. Sasa nasikia ana ndama mmoja mkaidi, hasikii fimbo wala mbinja, na amempa jina la Lupakisyo. Ndilo jina la meneja.

Nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nina rafiki hapa kazini, chumba cha kufulia, jina lake nisilitaje. Nimemwambia nina baba mdogo karani wa mahakama, naye ameniomba nikuulize. Unajua hoteli hii ilikuwa ya serikali na mwaka jana ikauzwa kwa tajiri. Tajiri mwenyewe hatujamwona, tumemwona Bwana Lupakisyo tu. Mwezi wa tano alitupanga mstari tukatia saini karatasi ya siri, kurasa nne za Kiingereza. Mstari ule ulikwenda haraka kuliko wa chanjo. Alichotueleza ni kwamba mambo ya kazi yasitoke nje, hata jina la sabuni, na atakayeyatoa atafukuzwa kazi na kushtakiwa.

Basi mwezi uliopita huyo rafiki yangu aliungua mkono kazini. Mganga wa zahanati anamuuliza kila akienda kufungwa kidonda: umeungua na nini? Naye anaogopa kusema. Mkono hauponi, na kazi anaihitaji. Je, kisheria anaruhusiwa kumwambia mganga? Karatasi haitoki ofisini, lakini amekariri maneno mawili ambayo meneja aliyarudia sana: tusizungumze na "third party" yoyote. Mimi Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na hicho hatukukifikia.

Wasalimie wote. Usiniulize zaidi ya hapo.

Mwanao,
Kashindye


Kilosa.
27 Agosti 1995

Kwa binti yangu Kashindye,

Marahaba. Sisi huku tumesimama kwa miguu yetu. Mama yako Mdogo anauza maandazi stesheni na anakusalimu. Barua yako ya tarehe 6 imenifikia jana. Lukasi, gadi wa treni tuliyemwamini, alipitiliza nayo hadi Kidatu, akarudi nayo, akapitiliza tena. Utetezi wake ni kwamba ilikuwa kwenye mfuko wa koti la mvua, na mvua haikunyesha.

Kabla ya yote nikukaripie. Mwandiko wako umeanguka vibaya. Wewe ndiye uliyekuwa ukiandikia barua nusu ya kijiji, leo herufi zako zinalala kama walevi. Mama yako Mdogo alidhani imeandikwa na baba yako. Andika kwa heshima.

Sasa sheria. Mimi nimekaa mahakamani miaka kumi na tisa, na karatasi za namna hiyo zimepita mikononi mwangu nyingi. Tuchambue. "Third" ni tatu. "Party" ni chama. Hapo hata kamusi haihitajiki: ni chama cha tatu. Huyo tajiri anaogopa siasa. Nchi imeingia vyama vingi, uchaguzi ni mwezi wa kumi, naye hataki mambo ya hoteli yake yafike kwenye chama cha tatu. Cha kwanza na cha pili inaonekana havimsumbui.

Kwa mujibu wa hayo, rafiki yako yuko huru kabisa kumwambia mganga, isipokuwa kama mganga huyo ni mwanachama wa chama hicho. Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo amwombe kwanza kadi.

Swali linalobaki ni chama kipi. Nimefanya utafiti. Ukihesabu kwa tarehe ya kuandikishwa unapata kimoja, ukihesabu kwa wingi wa watu mikutanoni unapata kingine, na ukimuuliza jirani yangu Danieli unapata kelele. Nitalifuatilia mwenyewe.

Barua zako usizielekeze tena mahakamani. Kuna ukarabati. Lukasi azikabidhi kwenye meza ya maandazi.

Ni mimi baba yako mdogo,
Budeba, Karani


Mikumi.
18 Septemba 1995

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo ya pili umpe Mama Mdogo. Afya iko, mvua hakuna, watalii wapo. Juzi tembo walikuja hadi nyuma ya jiko wakala matango yote ya bustani, na meneja akatukumbusha kwamba hiyo nayo ni siri.

Ushauri wako umefuatwa. Naomba nikueleze ulivyokwenda.

Rafiki yangu alifika zahanati, akakaa kwenye benchi, Mganga Makarius akafungua kidonda. Akauliza kama kawaida: "Binti, hebu niambie leo. Umeungua na nini?"

Rafiki yangu akasema, "Mganga, samahani, kabla sijajibu naomba kuona kadi yako ya chama."

Mganga akaweka mkasi chini. "Kadi ya chama gani?"

"Cha tatu."

"Cha tatu kwa nani?"

Hapo rafiki yangu akamwomba asubiri kidogo, kwa sababu utafiti wako haujakamilika. Mganga akasimama akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mtumishi wa umma, kwamba wiki iliyopita walikuja wengine kwa kisingizio cha kuumwa tumbo, na kwamba wanaofanya kampeni wafanyie uwanjani. Kisha akaniangalia mkono, yaani akamwangalia mkono, akaufunga. Kwenye daftari lake ameandika "uji", maana meneja ndiye aliyemfundisha aseme hivyo.

Kwa kuwa ni uji, mganga anasema anaweza kurudi kazini, uji hautamrudia. Basi anarudi kazini.

Kuhusu mwandiko, niliandikia juu ya gunia.

Mwanao,
Kashindye


Kilosa.
10 Oktoba 1995

Kashindye,

Marahaba. Huku wazima, ila Mama yako Mdogo hajazungumza nami tangu Jumamosi, na sababu yake ni wewe na huyo rafiki yako.

Niliamua kukata mzizi wa jambo. Nilikwenda ofisi ya chama ambacho kwa hesabu yangu ndicho cha tatu. Nikawakuta vijana wanne na spika moja. Nikajitambulisha kama mtu wa mahakama. Nikawauliza moja kwa moja: "Mna shida gani na chumba cha kufulia cha Mikumi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mzee, karibu sana. Umetoka chama gani?"

Nikasema, "Mimi nimetoka nyumbani."

Nadhani hapo ndipo walipokosea. Walishangilia wakidhani nimehamia kwao, wakanishika mkono, wakanivalisha kofia, na kabla sijajua niko juu ya lori nikitambulishwa kwa wananchi kama mzee aliyerudi nyumbani. Watu walipiga makofi mengi. Nakiri nilipunga mkono. Lori lilipita stesheni, mbele ya meza ya maandazi, na unamjua Mama yako Mdogo, ni mweka hazina wa wanawake wa chama kile kingine. Kofia ameifanya kishikio cha sufuria.

Hayo tuyaache. Nimeisoma barua yako mara nne. Umeandika "akaniangalia mkono". Halafu ukajisahihisha. Mwanangu, mahakamani mtu akijisahihisha ndipo hakimu anapoinua kichwa.

Gunia haliwezi kuharibu mwandiko miezi miwili mfululizo. Ni mkono wa nani?

Nijibu upesi. Nimemwambia Lukasi kwamba barua hii akipitiliza nayo asirudi kunywa chai mezani kwetu.

Baba yako mdogo,
Budeba


Mikumi.
5 Novemba 1995

Baba Mdogo,

Shikamoo. Salamu leo ni fupi, unisamehe, mkono wa kushoto unachoka haraka.

Ni wangu.

Tunafua shuka kwa dawa inayokuja kwenye mapipa ya bluu, hayana jina, wamelibandua. Meneja anasema weupe wa shuka zetu ndiyo biashara yenyewe, hoteli nyingine wakijua dawa hii tumekwisha. Tarehe 19 Julai nilikuwa namimina, pipa likateleza, dawa ikanimwagikia mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Glavu hakuna. Bwana Lupakisyo alinipeleka zahanati yeye mwenyewe kwa gari, akiwa na huruma nyingi, na njiani akanifundisha: sema ni uji wa moto wa nyumbani. Akasema karatasi niliyotia saini inamaanisha hivyo.

Nikasema ni uji, ila mganga hakuamini, akaendelea kuniuliza. Kila siku ninarudi kazini na bandeji, na bandeji inalowa dawa ile ile, na usiku mkono unawaka. Kidole cha mwisho na kinachofuata havikunjiki tena. Sikutaka mjue. Baba angekuja na fimbo, na wewe ungeumia kwa kuwa ndiwe uliyenitafutia kazi hii. Naogopa, Baba Mdogo. Naogopa kupoteza vidole, na naogopa kupoteza kazi, na kila nikijaribu kuchagua nashindwa.

Sasa meneja ameleta karatasi ya pili. Hii ni ya Kiswahili na ni fupi: "Mimi Kashindye Shimba niliungua kwa uji nyumbani kwangu kwa uzembe wangu mwenyewe." Anataka saini kabla ya tarehe 30 mwezi huu. La sivyo nifungashe.

Kuna jambo jingine. Nilimuuliza Lukasi ukarabati wa mahakama umefika wapi. Akasema hakuna fundi aliyeonekana pale, ila kuna tarishi mpya, kijana, amekaa kwenye kiti chako tangu mwaka jana. Sikuulizi kwa ubaya. Nimeona tu kwamba sote wawili tunaandika barua ndefu.

Mwanao,
Kashindye


Kilosa.
17 Novemba 1995

Mwanangu Kashindye,

Marahaba, mama. Niliposoma neno "wangu" niliweka barua chini nikatoka nje. Mama yako Mdogo akaimalizia kwa sauti, akalia, halafu akaanza kuzungumza nami tena, kwa hiyo nyumba imetulia kwa njia hiyo.

Na mimi niseme yangu. Karani sikuwa kamwe. Nilikuwa tarishi. Nilibeba mafaili miaka kumi na tisa, sikuwahi kufungua hata moja. Mwaka jana mwezi wa sita serikali ilipopunguza watu, alikuja kijana mpole kutoka wilayani na karatasi ya Kiingereza. Akaniuliza, "Mzee, umeielewa?" Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Nikasema, "Naam, vizuri sana." Nikatia saini. Hadi leo sijui ilisema nini. Niliona haya kukuambia, nikakupa ushauri wa kadi badala yake. Nisamehe.

Safari hii nimeuliza mtu anayejua. Jana nilipanda basi hadi Morogoro. Kuna wakili, anaitwa Jackline, mtoto wa kike wa umri wako au karibu, ambaye kila Alhamisi anashauri watu bila malipo katika chumba cha nyuma cha kanisa. Nilimweleza kwamba nina rafiki ambaye ana binti. Akacheka, akasema, "Mzee, kila anayekaa kwenye kiti hicho ana rafiki. Endelea."

Nikamwambia kuhusu chama cha tatu. Hakucheka mara moja, alijikaza, nikaona machozi yanamtoka. Kisha akanieleza taratibu. Neno lile katika mkataba halina habari ya siasa. Maana yake ni mhusika. Wewe ni mhusika mmoja, mwajiri ni wa pili, na mtu mwingine yeyote duniani ni wa tatu. Nikashtuka. Nikamwambia, kumbe ni mbaya zaidi, basi hata wewe ni wa tatu, na mimi nimeshakueleza yote!

Akasema hapana. Hapa nilimwomba arudie polepole ili nikuandikie sawasawa. Siri ya biashara ni kitu, na mwili wako ni kitu kingine. Karatasi inaweza kukukataza kuwauzia washindani majina ya wateja. Haiwezi kukukataza kumwambia mganga kilichokuunguza, wala kumwomba wakili akusomee ulichotia saini. Na wakili mwenyewe amefungwa na siri yako kuliko wewe ulivyofungwa na ya meneja. Nilimjaribu. Nilimuuliza yule mama aliyetoka kabla yangu alikuwa na kesi gani, maana alikuwa amevaa vizuri. Akafungua tu daftari lake ukurasa mpya.

Maagizo yake ni haya. Mwambie mganga kweli, kesho. Karatasi ya uji usiitie saini, hata ukiambiwa wengine wametia. Meneja akikubana, mwambie una wakili, basi, usimwambie zaidi. Na uende umwone mwenyewe Alhamisi yoyote.

Kazi unaweza kuikosa. Hilo nalo alisema, hakunificha, na mimi sikufichi. Ukiikosa, meza ya maandazi ina nafasi.

Barua hii Lukasi ameiweka ndani ya kofia yake ya kazi, kichwani. Nimemwona.

Baba yako mdogo,
Budeba, aliyekuwa tarishi


Mikumi.
10 Desemba 1995

Mpendwa Baba Mdogo, Mama Mdogo, na mmoja wenu awasomee wadogo zangu,

Shikamooni. Barua yenu ilifika siku ya pili, ikiwa na alama ya jasho la Lukasi. Niliisoma nikiwa nimesimama.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda zahanati. Mganga Makarius aliponiona alijikunja, akadhani nimeleta kadi. Nikamwambia, "Mganga, haukuwa uji. Ni dawa ya kufulia, na kila siku narudi kuishika."

Hakunigombeza. Akavuta lile daftari kubwa la wagonjwa. Akafunika safu ya majina kwa kiganja, maana naye ana siri zake, akaniachia nione safu ya sababu tu na mahali mtu anapofanya kazi. Akaanza kushusha kidole. Februari: uji, Nyati Wekundu. Aprili: uji, Nyati Wekundu. Juni: uji. Julai: uji, huyo ni mimi. Agosti: uji, uji. Septemba: uji. Watu saba, Baba Mdogo.

Akasema, "Nami nilidhani hoteli yenu inapenda uji."

Ameniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Morogoro na nyingine ya kunitoa kwenye dawa. Hospitali wamesema kidole cha mwisho kimekwenda. Kinachofuata kinaweza kurudi nikikifanyisha mazoezi, na tangu juzi kimeanza kutikisika. Nililia kwa kile kimoja, nikafurahi kwa kile kingine, yote asubuhi moja.

Tarehe 30 meneja aliniita ofisini akanipa kalamu. Nikamwambia siandiki. Akauliza nani amenidanganya. Nikamwambia nina wakili. Akaketi. Akasema hiyo ni kuvunja karatasi ya siri. Nikamwambia hapana, nimeuliza. Akaniambia nirudi kazini nitajibiwa.

Nikarudi chumba cha kufulia. Walikuwa wengi, wanakunja shuka za wageni wa Krismasi. Nilisimama pale mlangoni, nikauliza kwa sauti, "Nani mwingine humu aliungua kwa uji?"

Shuka zilisimama hewani. Halafu Nkoile, yule dada wa Kimasai anayepiga pasi kwenye kona, ambaye mwaka mzima hatujawahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, akapandisha nguo yake juu ya goti. Kovu lilianzia pale likashuka hadi kifundo cha mguu.

Akasema, "Mimi hata uji sinywi. Nakunywa maziwa."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu mwenzetu Perpetua alikuwa anavua kitambaa cha kiganjani, na mwingine anafungua kola. Kila mmoja alikuwa anadhani ni yeye peke yake, na kila mmoja alikuwa ameogopa wenzake kuliko alivyomwogopa meneja. Kazini tulikuwa tumebaki watano. Wawili waliokwisha kufukuzwa tuliwafuata majumbani kwao.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda Morogoro wote saba. Nasikia siku hiyo Bwana Lupakisyo alionekana uani akianika shuka mwenyewe, na upepo ukimfunika. Kama tutakuta kazi zetu au la, sijui bado. Mpaka leo hajatamka neno la kufukuza mtu mwingine.

Chumba cha nyuma cha kanisa kina kiti kimoja, wengine tulikaa sakafuni. Wakili Jackline alifunga mlango, akatueleza kwamba tutakayosema humo hayatatoka bila ruhusa yetu, akashika kalamu. Akauliza nani aanze.

Nikainua mkono wa kulia.

Mwanenu anayewapenda,
Kashindye